Mlima na Shimo Huchorwa Sawa

Wapendwa, kabla sijasema neno lolote zito, naomba kila mmoja akunjue kiganja chake cha kushoto. Chako, si cha jirani. Sasa kwa kidole cha mkono wa kulia chora mduara mkubwa, ujaze kiganja chote. Ndani yake chora mduara mdogo. Ndani ya huo, mwingine mdogo zaidi, kama kifungo cha shati. Tayari? Haya niambieni, mmechora nini?

Wazee upande huu wanasema mlima. Mama mmoja wa kwaya anasema kitumbua, nadhani huyo ametoka nyumbani bila chai. Na ninyi vijana mliokaa karibu na mlango ili muwe wa kwanza kutoka, mnasemaje? Mlima? Basi shikeni mlima wenu hapo kiganjani, msiufute. Tutaurudia.

Mimi jiografia shuleni ilinishinda, sioni haya kusema. Alama zangu zilikuwa za kuombewa. Lakini juzi binti yangu wa kidato cha tatu alikuwa ametandaza ramani mezani, mezani penyewe ndipo nilipotaka kuweka sahani yangu ya ugali, na nikamwuliza hiyo mistari iliyojizungushazungusha ni ya nini. Akanieleza, nami nikasahau ugali. Alisema mchora ramani hawezi kuinua mlima juu ya karatasi, karatasi ni bapa. Kwa hiyo anachora mistari, wao wanaiita kontua, na kila mstari unapita mahali penye kimo kimoja. Mistari ikibanana, hapo ni mwinuko mkali. Ikiachana, hapo unatembea ukiimba. Na juu ya mistari kuna namba, ndogo kama mayai ya chawa, zinazotaja kimo. Ni maajabu, jamani. Bonde zima, na mto wake, na vilima vyake, unalikunja unaliweka mfukoni.

Usiku ule nilijiuliza maswali mengi juu ya zile namba ndogo, na ndipo nikautunga mfano huu.

Kulikuwa na shule moja ya wasichana huko nyanda za juu, ambako ukungu huja asubuhi na kukaa kama mgeni asiyeaga. Shule hiyo ilikuwa na mwalimu wa jiografia, mama wa makamo, mkali kidogo, asiyependa kufundisha mto kwa chaki. Alisema mto unafundishwa ukiwa umelowa miguu. Basi Jumamosi moja akawachukua wanafunzi kumi na wawili, kila mmoja na nakala yake ya ramani, wakaenda msituni kusoma nchi kwa macho yao.

Wakashuka korongo moja lenye kijito. Mwalimu akakanyaga jiwe lenye ukoga, akateleza, na mguu ukavunjika chini ya goti. Ulivunjika vibaya, mfupa ulitokeza nje. Wasichana walipiga mayowe. Yeye aliyeumia ndiye aliyewanyamazisha.

"Msilie. Vueni sweta mnifunge hapa, kazeni, kazeni zaidi. Simu iko kwenye mkoba wangu."

Simu ilikuwepo, lakini korongoni hapakuwa na mtandao. Mwalimu akamwita msichana aliyekuwa wa kwanza darasani, tangu kidato cha kwanza hajawahi kuwa wa pili. Sisi tumwite bingwa. Akampa simu.

"Tafuta kwenye ramani mahali pa juu palipo karibu. Mtandao uko juu. Ukipata, piga hospitali. Na usiende peke yako." Akamwonyesha msichana mwingine aliyekuwa amesimama kando. "Nenda na mwenzako huyu, ana miguu ya mlimani." Kisha akafumba macho kwa maumivu.

Huyo mwenzake alikuwa anakaa dawati la mwisho darasani. Mama yake aliuza viazi, na yeye tangu akiwa mdogo alibeba debe kichwani kushuka nalo bondeni na kupanda nalo upande wa pili kwenda sokoni. Ramani ilimsumbua sana. Njia hazikumsumbua.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Bingwa akaangalia ramani haraka haraka. Akaona mahali pawili penye miduara ndani ya miduara, pa kwanza karibu, pa pili mbali. Ungekuwa wewe, mwalimu wako anavuja damu, ungechagua wapi? Hata mimi ningechagua pa karibu.

Wakapanda kutoka korongoni, wakihema, wakafika mahali tambarare. Ukungu ulikuwa mzito, mtu aliye hatua kumi mbele humwoni. Wakaendelea, bingwa mbele na ramani mkononi. Baada ya muda mwenzake akasema:

"Hivi wewe magoti hayakuumi?"

"Yaniume kwa nini?"

"Mama husema kupanda kunauma kifua, kushuka kunauma magoti. Mimi kifua changu kimetulia kabisa, lakini magoti yanalia. Naona kama tunashuka."

Bingwa akasimama, akatandaza ramani juu ya paja lake, akagonga kwa kidole. "Ona mwenyewe. Mduara, ndani mduara, ndani mduara. Hiki ni kilele. Kabla ya kilele huwa kuna kibonde kidogo, tutakivuka tu. Kwani mtihani wa ramani wewe ulipata ngapi?"

"Kumi na nane."

"Kwa ishirini?"

"Kwa mia."

"Basi nifuate."

Naomba kuwauliza, ninyi mngejibu nini? Mtu ana alama tisini na sita, wewe una kumi na nane na magoti. Nani husikiliza magoti?

Wakaendelea. Udongo ukaanza kuwa laini. Wakapita kwenye matete. Wakakuta alama za kwato za ng'ombe, nyingi, zote zimeelekea huko huko wanakokwenda. Vyura wakaanza kulia mbele yao. Wapendwa, vyura kileleni! Na ng'ombe, tangu lini ng'ombe akapanda kilele kwenda kunywa maji? Yule binti wa muuza viazi aliziona kwato, na vyura aliwasikia. Alimwangalia bingwa mgongoni, akatembea.

Mwisho bingwa akatumbukiza kiatu majini. Mbele yao kulikuwa na kidimbwi, na kuzunguka kidimbwi, pande zote, ardhi imeinuka kama ukingo wa bakuli. Akainua simu juu. Haikuwa na hata kijiti kimoja cha mtandao. Akaisogeza ramani mpaka pua ikagusa karatasi, na kwa mara ya kwanza siku ile akasoma zile namba. Mduara wa nje, elfu moja mia tisa. Wa pili, elfu moja mia nane na themanini. Wa ndani, elfu moja mia nane na sitini.

Zilikuwa zinapungua. Mahali pale palikuwa shimo, shimo kubwa la kale lililoachwa na moto wa chini ya ardhi, nao walikuwa wamesimama katikati yake.

Sasa fungueni viganja vyenu. Mnaona? Mlima huchorwa kwa miduara, na shimo huchorwa kwa miduara. Ukitazama umbo tu, mwenye kupanda na mwenye kuzama wamechorwa sawasawa.

Wakatoka mle shimoni wakitambaa, wakarudi, wakaelekea kule mbali, wakapanda mpaka vifua vikataka kupasuka, na simu ikaita saa saba kasoro robo. Watu wa kijiji cha jirani wakaja na machela. Mwalimu akafikishwa hospitali akiwa hai, Mungu ashukuriwe. Lakini daktari akasema damu ilikuwa imeacha kufika unyayoni kwa muda mrefu mno. Wangemwahi mapema kidogo, wangejaribu kuuokoa mguu. Wakaukata.

Baada ya wiki mbili wale wasichana wawili walikwenda kumwona, wamebeba uji kwenye chupa ya chai. Bingwa hakuweza hata kukaa. Alipiga magoti kando ya kitanda.

"Mwalimu, nisamehe. Sikusoma namba."

Mwalimu akamshika kichwa. "Nimeshakusamehe, mwanangu. Ulikuwa na hofu, ukasoma vibaya. Kusoma kunafundishika, na hilo hutalirudia maisha yako yote."

Najua mnachongoja. Mnangoja sasa nigeuke niwahubirie wenye kiburi, wasomi, wale wanaotutangulia na vyeti vyao mkononi. Nimewaona mkitikisa vichwa tangu tulipofika kwenye alama kumi na nane. Mmefurahi sana alipotumbukiza kiatu majini. Subirini, mwalimu hajamaliza.

Akamgeukia yule mwingine, aliyesimama karibu na dirisha na chupa ya uji.

"Na wewe, ulijua lini kwamba mnashuka?"

"Mapema, mwalimu. Hatukuwa tumeenda mbali."

"Ukasema?"

"Nilisema. Mara moja."

"Halafu?"

"Akaniuliza nilipata ngapi kwenye mtihani."

"Halafu?"

"Nikanyamaza."

Mwalimu akatazama mahali ambapo blanketi lilikuwa limelala bapa, hapakuwa na kitu chini yake. Akasema taratibu, bila hasira:

"Mwanangu, mguu wangu ulistahili kusemewa mara moja tu?"

Naona waliokuwa wakitikisa vichwa sasa wameviinamisha.

Ndugu zangu, ninampenda yule binti. Sitaki mtu atoke hapa akimtukana. Alidharauliwa, na dharau huziba mdomo. Lakini siwezi kuwadanganya kwamba hakuna neno lake leo, kwa sababu bingwa ni mmoja tu kwenye njia, na sisi tulio wengi tunatembea nyuma yake. Sisi ndio wenye magoti. Tunajua. Kaka yetu ameanza kupita kilabuni kila akitoka kazini, tunajua anakoelekea, kwato tumeziona. Jirani anampiga mkewe, tunasikia kupitia ukutani. Kamati yetu wenyewe hapa kanisani ikipanga jambo bovu, tunainama tunatazama viatu, kwa kuwa aliyelileta amesoma na anaongea vizuri. Na tukiulizwa baadaye, baada ya msiba, jibu letu liko tayari, tumelikariri: "Mimi nilimwambia." Ulimwambia mara ngapi?

Mimi nilikuwa na rafiki. Tulisoma naye, tulioa mwaka mmoja. Nilimwona akishuka. Kwa nje ilikuwa miduara mizuri tu, nyumba, gari, watoto shule nzuri, kila mtu alisema anapanda. Mimi niliziona namba. Nikampigia simu, nikamwambia, tena nikichekacheka ili asikasirike. Akanijibu, "Mchungaji, wewe na mahubiri yako, hebu nipumzishe." Nikampumzisha. Nilimpumzisha miaka mitatu, mpaka siku nilipoitwa kuongoza mazishi yake. Mjane wake alinishukuru kwa maneno mazuri. Nililia barabarani nikirudi nyumbani, kwa sababu maneno mazuri nilikuwa nayo muda wote ule.

Kwa nini mara ya kwanza ni rahisi na ya pili ni ngumu hivi? Nimejiuliza sana. Nadhani mara ya kwanza tunasema ili dhamiri itulie, na tukijibiwa vibaya tunajihesabu tumeshalipa. Mara ya pili haina faida kwetu hata kidogo. Hiyo ni ya yule aliyelala korongoni anangoja.

Kwa maana yuko mtu korongoni, wapendwa. Daima yuko. Bingwa akipotea hapotei peke yake, kuna mtoto, kuna mke, kuna mama mzee kijijini, ambaye damu yake inaendelea kutoka wakati sisi tunalinda heshima zetu kwenye ukungu.

Basi tazameni kiganja kwa mara ya mwisho, kisha mkifunge. Mmemfungia mtu humo. Kila mmoja anamjua wake, sihitaji kuwatajia jina. Ni yule uliyemwambia mara moja, akakuuliza wewe ni nani, ukanyamaza. Leo ukitoka hapa, kabla hujafika kwenye sufuria ya mchana, nenda ukagonge mlango wake.

Akikuuliza tena ulipata ngapi, mwambie kumi na nane kwa mia, na magoti yanauma.