Kitanda Kilichobisha Hodi Adhuhuri

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Hayo ndiyo maneno aliyowaambia jirani asubuhi, nanyi mkarudi mmenuna kana kwamba kawatukana. Hakuwatukana. Nyinyi wajukuu zangu mnachora picha za matangazo na kadi za harusi, hamna bosi, na kutwa mnazirusha kwenye simu za matajiri wasiowajibu. Mnataka kujua nani aliyeyasema maneno hayo kwanza. Kaeni basi. Na wewe Feisali, weka simu chini. Asili yake ni hii.

Hapa mjini Shungi palikuwa na fundi wa vitanda akiitwa Shekuwe. Hakuajiriwa na mtu. Alijitegemea, akiishi na mama yake, Mwana Esha, mjane ambaye kifua kilikuwa kimeanza kumlaza. Shekuwe alikuwa na mkono mzuri, lakini haraka zilimtawala. Alichoka kuwatengenezea vitanda maskini wenzake. Alitaka wateja wakubwa, wenye nyumba za ghorofa, apate cha kumtibia mama.

Zamani fundi hakuanza kitanda bila kumjua atakayekilalia. Alimpima kwa kamba, na alipofika kwenye kigingi cha mwisho cha kukazia mbao alitaja jina la mwenyewe, ndipo akakigonga. Shekuwe aliona huo ni ushamba. Aliamua kutengeneza kitanda cha kuwavutia matajiri, akiweke barazani kila apitaye akione. Hakupima mtu. Mbao zilikuwa mbichi na viungo havikukutana, kwa hiyo akaviziba kwa nta na unga wa mbao, juu akapaka rangi mpaka kikameta. Kwenye kigingi cha mwisho akacheka, akasema, "Cha yeyote mwenye fedha." Akagonga.

Siku ya pili yake, jua likiwa utosini na madirisha yote yamefungwa kwa joto, watu wa mtaa wa juu walisikia kitu kikitembea njiani. Ko, ko, kikasimama. Ko, ko tena. Walidhani ni hamali na mzigo wake. Tajiri mmoja muuza vitambaa alipofungua mlango, alikikuta kitanda cha Shekuwe kimesimama kizingitini, kitupu, na njia nzima haina mtu. Nanyi mnajua kitanda kitupu mlangoni kina maana gani kwetu. Huwekwa kwa ajili ya maiti. Tajiri wa watu, aliyekuwa mzima na ameshiba, alilala na homa siku ile ile.

Shekuwe alikwenda kukichukua huku akiapa kwamba hakukipeleka yeye. Akakifunga kwa kamba kwenye nguzo ya baraza. Kesho yake kamba ilikuwa chini, na fundo lake halijafunguliwa. Kitanda kilikuwa kwa Bi Zuwena, tajiri kuliko wote mjini, aliyekuwa akimwandalia binti yake harusi. Bi Zuwena alikichungulia kwenye upenyo wa mlango, akatia komeo, akaiahirisha harusi. Kisha akatuma neno: fundi huyo asipokizuia kitanda chake, ahame mji. Hapo ndipo Shekuwe alipoogopa kweli. Mama yake hakuwa mtu wa kubebwa safarini tena. Kuhama kungemuua.

Alikitia kitanda ghalani akafunga kwa kufuli. Adhuhuri iliyofuata alikuwa ameketi kando ya mkeka wa mama yake akimpepea, aliposikia. Ko, ko. Sauti ilishuka njiani, ikapita milango ya majirani wote, ikaja kunyamaza mlangoni kwake. Kisha mlango ukagongwa, taratibu, kama mgeni mwenye adabu.

"Ni nani, mwanangu?" mama aliuliza.

"Si mtu, mama."

"Ulipokimaliza ulimtaja nani?"

Shekuwe aliinamisha kichwa. "Nilisema cha yeyote mwenye fedha."

"Basi kitajuaje pa kukaa? Kifungulie. Nitaje mimi, nikilalie, kitulie."

"Hapana, mama. Kitakuangusha. Viungo vyake ni nta tupu."

Mwana Esha aliinua kichwa kwenye mkeka. "Hutaki nikilalie mimi," alisema, "lakini watoto wa wenzio ulitaka wakilalie."

Maneno hayo yalimkata Shekuwe maini. Alifungua mlango. Kitanda kilikuwa pale, hakisogei, na matendegu yake, ile miguu minne, yalikuwa yamelika chini kama visigino vya mtu aliyetembea maisha yake yote. Akavitoa vigingi kimoja kimoja. Mpaka anakufa Shekuwe alisema kwamba kila kigingi kilipotoka, mbao zilishusha pumzi.

Alizianika mbao mpaka zikakauka. Kila adhuhuri alikaa nazo akingoja zitikisike, na hazikutikisika. Alimpima mama kwa kamba, akalia, maana kamba haikwenda mbali. Mama alikuwa amekwisha mwili. Akachonga matendegu mapya na kuunga kila kiungo bila nta. Kwenye kigingi cha mwisho akasema, "Cha Mwana Esha, mama yangu." Akagonga.

Mama alikilalia kipupwe chote, akisema mgongo wake umesahau mkeka. Akafia juu yake, usingizini. Kitanda hakikutoa hata mlio.

Bi Zuwena alikuja kuhani pamoja na wanawake wa mji. Kitanda kilikuwa pembeni, kimeshaoshwa, hakina rangi wala kung'aa. Bi Zuwena akakipapasa, akaurudisha mkono, akapapasa tena. Akauliza nani aliyekichonga. Shekuwe akasema ni yeye.

"Binti yangu nataka akiolewa alalie kama hiki," Bi Zuwena alisema. "Taja bei yako, na mimi nitangoja."

"Niletee binti nimpime kwanza," Shekuwe alijibu. "Lakini ujue, Bi Zuwena, mbao hizi ndizo ulizozifungia mlango."

Bi Zuwena aliondoa mkono upesi. Wanawake wote wakageuka kumtazama. Kisha akaurudisha mkono pale pale ulipokuwa.

Tangu siku hiyo Shekuwe hakukanyaga baraza la tajiri kutafuta kazi. Matajiri walimfuata kwake, wakangoja zamu, na bei aliyoitaja ndiyo waliyolipa. Wale wanawake waliokuwa matangani ndio walioondoka wakiyasema kwanza maneno yale aliyowaambia jirani, nasi tumeyarithi kwao. Hata leo, joto likikaza na mitaa ikiwa tupu, ikisikika ko, ko njiani, hatufungui. Tunajua kuna fundi mahali amemaliza kazi isiyo na mwenyewe.

Sasa Feisali, hizo picha ulizozirusha asubuhi, ulipozimaliza ulimtaja nani?

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.