Wagonjwa Waliofichwa Nyuma ya Jabali

Zamani hizo za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kupika vyunguni kama sisi, kikohozi kibaya kiliingia mjini kwao. Kho-kho-kho, kutwa kucha, na walioumia zaidi walikuwa watoto. Nyati, mkubwa wa mji, akatangaza kwamba atakayepata dawa atakuwa mganga mkuu, na atajengewa nyumba kando ya chemchemi.

Nguchiro alikuwa mdogo kuliko wote waliosikia tangazo hilo, na mwepesi kuliko wote. Alikuwa amechoka kusukumwa pembeni na kila mwenye pembe. Akachemsha magome ya mti, akaonja, akaona ni machungu vya kutosha kuitwa dawa. Wagonjwa kadhaa walikubali kuinywa, kwa sababu aliwaambia kuwa imeshajulikana kwamba inaponya.

Baadhi yao walipata nafuu. Wengine walivimba koo, wakawa wanapumua kwa shida, fwii, fwii. Nguchiro hakujua kwa nini. Angesema hivyo tu, kwamba hajui, hadithi yangu ingeishia hapa.

Lakini siku Nyati alipokuja kukagua, Nguchiro aliwaongoza wale waliovimba koo hadi nyuma ya jabali, akawaambia huko kuna kivuli kizuri, wapumzike kimya. Waliopona akawapanga uani. Nyati akafika na msaidizi wake Kifaru, ardhi ikitetema, ti, ti, ti. Swala aliyepona akaruka juu kuonyesha nguvu zake. Kifaru, ambaye macho yake hayakufika mbali, akaridhika. Nyati peke yake ndiye aliyeuliza.

"Wote uliowapa dawa ndio hawa?"

"Ndio hawa, mzee."

Neno lilitoka kwa urahisi hata Nguchiro mwenyewe akashangaa. Wakubwa wale wawili wakaondoka wamefurahi. Jioni ikatangazwa kwamba kila nyumba iache kupiga nyungu, ile ya kumfunika mtoto blanketi juu ya chungu cha majani yanayotoa mvuke, na badala yake itumie dawa ya Nguchiro. Nguchiro akacheka kidogo, peke yake. Hakucheka tena kwa muda mrefu.

Mama Ngiri, jirani yake, alikuwa wa kwanza kuja kuchukua dawa, maana alimwamini kuliko mwingine yeyote. Mwanawe Tunu alikuwa na kikohozi chepesi tu. Akanywa, koo likavimba, sauti ikapotea.

Asubuhi mama akaja mlangoni kwa Nguchiro amembeba mtoto. Nguchiro alitegemea kutukanwa, na majibu alikuwa nayo tayari.

"Nisamehe, Bwana Nguchiro," Mama Ngiri akasema. "Nahisi nimekosea kumpa. Nilimpa kabla hajala. Wewe umetusaidia, halafu mimi nakuharibia dawa yako."

Angeweza kusema kweli palepale. Badala yake akatazama chini, akasema, "Labda ni hivyo, mama."

Basi mama wa watu akaenda chemchemini kuwaonya wenzake wasije wakafanya uzembe kama wake. Nguchiro, aliyekuwa amefuata maji, alimsikia akijilaumu mbele ya wote. Walimtazama mtoto, wakamtazama mama, na wengine wakanong'ona, ni mzazi gani huyu. Nguchiro akahisi uso unamwaka. Akatamani ardhi ipasuke immeze. Miguu yake iliyozoea kukimbia ikagoma.

Akaweka mtungi chini, akaenda kuwaita Nyati na Kifaru waje pale chemchemini. Mbele ya wote akaeleza kwamba waliodhurika walikuwepo tangu mwanzo na yeye ndiye aliyewaficha, na kwamba hata waliopona, hajui kama ni dawa iliyowaponya au wangepona wenyewe. Kifaru aliinamisha kichwa, kwa kuwa naye alipita karibu na jabali lile, akasikia pumzi zile, asiulize. Nyati akaagiza kwa sauti ndogo kwamba dawa imwagwe yote, na wagonjwa waliofichwa waletwe nyumbani kwake wauguzwe.

Mama Ngiri akasogea hadi mbele ya Nguchiro. Nguchiro akafumba macho, akingoja kofi.

"Kwa hiyo mimi sikukosea?"

"Hukukosea, mama. Hukukosea hata kidogo."

Mama Ngiri akamfunga mtoto vizuri mgongoni, akaenda zake. Kwa nyungu koo la Tunu lilipona, lakini sauti yake ilibaki ya kukwaruza, na kila alipomwita mama yake, Nguchiro aliisikia kutoka uani kwake, akaacha alichokuwa akifanya.

Nimefika mwisho, wanangu, nanyi ondokeni na hili: anayewaficha waliodhurika na dawa yake ameshaanza kuwadhuru hata wale ambao bado hawajainywa.