Kwa Nini Nyumba za Tienovka Zimekaa Kivulini

Kaeni vizuri, na mwenye kusinzia asinzie mapema, maana habari hii haina pa kukatia.

Ukifika leo Tienovka, kule kwenye milima ya Slovakia, utakuta bonde jembamba kama mkunjo wa sketi, na kijito cha maji ya theluji na barabara vikipita katikati. Mashamba yote yako upande wa jua. Nyumba zote za magogo zimejibana ng'ambo, kivulini, tena zimeipa barabara kisogo kana kwamba zimegombana nayo. Wageni hucheka. Wacheke tu, hawajui walitendalo.

Hapo awali haikuwa hivyo. Wachungaji wa kondoo waliolifikia bonde lile mwanzo walijenga penye jua, na nani angewalaumu? Kulima wakaenda kulima kivulini, ambako theluji ilikaa hata ikasahaulika ilianguka lini. Shayiri ilichipua, ikarefuka, na kabla haijageuka rangi baridi imesharudi. Kila mwaka walinunua mbegu upya, wakavuna mabua mabichi wakawapa kondoo, na wao wenyewe wakala jibini, wakasifu mandhari.

Nyumba iliyopendeza kuliko zote ilikuwa ya Matush. Humo aliishi na mkewe Apolena, na mama yake, Bi Barbora. Dirisha la nyumba ile lilipata jua kutwa nzima, na hapo ndipo Bi Barbora alipokaa na magoti yake mabovu, akiota joto na kuangalia nani kapita na nani, na kwa nini wameachiana mikono walipomwona. Umbea wa bonde zima ulipikwa pale.

Mwisho wa baridi moja Apolena alimzika mtoto wake wa kwanza, aliyekosa uji. Mwaka uliofuata alikuwa mjamzito tena. Akiwarushia kuku makombo chini ya lile dirisha, aliona shayiri iliyojiotea yenyewe ukutani. Imekauka, ya dhahabu, imejaa. Akatazama ng'ambo: shamba lao lilikuwa kijani kama chura.

Akaelewa papo hapo. Nyumba ilikuwa imekalia shamba.

Lakini utamwambiaje mavyaa wako kwamba jua lake linahitajika? Apolena aliokota maneno na kuyatupa siku nyingi. Mwishowe akapiga magoti mbele ya kile kiti, akasema yote.

Bi Barbora akageuka kutoka dirishani. Kisha akauliza, "Mume wako umemwambia?"

"Bado, Mama. Nimeanza na mwenye jua."

"Basi usimwambie kabisa. Wewe atakubishia. Nitasema nimetaka mimi, maana mimi ananiogopa." Akageukia dirisha. "Jua nimeliota vya kutosha, mwanangu. Huyo aliye tumboni halijui bado."

Matush akaibomoa nyumba gogo kwa gogo, kila gogo kalitia alama kwa shoka ili asikosee kulirudisha. Majirani walikaa kwenye nyasi wakala jibini, wakamwuliza kama amechoka kuona jua. Naye alifuata alama zake kwa uaminifu mkubwa: mlango ukatazama kulekule ulikotazama zamani. Kwamba amevuka kijito hakukumbuka, mpaka paa lilipokwisha kuezekwa na mlango ukawa unatazama mlima, mgongo wa nyumba uko barabarani. Bi Barbora akafungua dirisha lake, akaona jiwe na mbuzi.

Hakulalamika. Alijifunika shali, akakohoa, na huko kutolalamika kukamuuma Apolena kuliko matusi.

Pale palipokuwa na nyumba wakapanda shayiri. Mtoto akazaliwa. Shayiri ikaiva, mtoto akala uji, akanenepa mashavu. Majirani waliacha kucheka, na theluji ilipoyeyuka kila mtu alishika shoka. Wakaiga kila kitu, hata kile kisogo, wakidhani nacho ni sehemu ya dawa. Matush alipoulizwa, alikohoa tu.

Apolena ndiye hakuwa na raha. Siku moja ya mavuno alichukua gogo lililobaki, akamwambia Matush alichonge liwe benchi, akaliweka juu kabisa ya shamba. Kisha akambeba Bi Barbora mgongoni, akavuka naye kijito, akamketisha juani.

Bibi akanyoosha magoti. Akatazama chini polepole, paa kwa paa, ua kwa ua, akaanza kutabasamu.

"Dirishani nilikuwa naona nusu ya kijiji," alisema. "Hapa nakiona chote."

Na tangu siku hiyo nyumba za Tienovka zikabaki kivulini, na kila nyumba ina benchi lake ng'ambo, ambalo jembe haligusi. Jua likitoka, wake wa wana huwavusha wazee wao mgongoni kabla ya kushika kazi nyingine yoyote. Na wazee wakishaketi, huko chini hakuna wawili wanaothubutu kushikana mikono.