Kichwa cha Muuza Kahawa

Hapo zamani, lakini si zamani sana, maana simu zilikwishaingia mjini, palikuwa na Sultani Mwinyikombo wa Tungwi, mtu mwema akishashiba. Wezi wa siku zake waliacha kufukia dhahabu chini ya vitanda. Mali yao waliificha katika sarafu za kidijitali, zisizoshikika wala kuonekana, na ajuaye maneno yake ya siri ndiye mwenye sarafu. Sultani alichukia mno kuibiwa na watu ambao hata gunia hawakuhitaji. Basi akapitisha sheria: sarafu yoyote iliyotokana na uhalifu itataifishwa, pamoja na chombo kilichoihifadhi, na kila kilichotaifishwa kitatiwa mhuri, kitalindwa, na kisipungue hata chembe. Kikipungua, Waziri atalipa.

Katika mji huo alikuwapo muuza kahawa, Shomari Kijoti, hohehahe aliyemiliki mdomo mwepesi na dele moja la shaba, basi. Asubuhi moja mteja alikunywa kahawa, na kashata ingali mkononi akasema hana senti taslimu. Akamrushia kipande cha sarafu ya kidijitali na kumnong'oneza maneno yake ya siri. Kumbe mteja yule ndiye aliyeiba katika hazina ya Sultani. Alipokamatwa akawataja wote aliowalipa, ikawa askari wakaja wakalibeba dele la Shomari, wakidai ndilo chombo cha sarafu, kahawa ingali ya moto ndani.

Mkewe, Bi Siwema, hakulia wala hakupiga kelele. "Nenda kwa huyo Sultani wako," alisema. "Ukirudi bila dele, tutakula hayo maneno ya siri."

Basi Shomari akasimamishwa barazani. Waziri Badawi akamwambia, "Dele lako tumelitwaa. Sasa itoe na sarafu yenyewe, iwekwe mezani mbele ya Sultani, la sivyo utafungwa kwa kosa la kuficha mali ya uhalifu."

Jasho likamtoka Shomari, kwa sababu aliyoijua mwenyewe. Hata hivyo akainama. "Sultani mtukufu, mimi ni nani hata nikufiche? Ila naomba kuuliza. Sarafu hii inakaa katika mfuko gani?"

"Haina mfuko," akasema Waziri. "Imo katika maneno ya siri."

"Na maneno hayo yamo wapi?"

"Kichwani mwako, mpumbavu wewe."

"Basi chombo kilichoihifadhi ni kichwa changu, wala si dele. Naomba kichwa kitiwe mhuri."

Watu wakacheka, lakini Kadhi akaisoma sheria, akaona ni kweli. Shomari akapigwa mhuri wa serikali katika paji la uso, akakalishwa katika hazina juu ya zulia, askari kulia na kushoto. Ulipofika wakati wa chakula akasema, "Kichwa hiki cha serikali kinaanza kupungua." Waziri, akikumbuka nani atalipa, akamletea pilau. Kichwa kikauma, akaitwa tabibu. Kikataka kukandwa, kikakandwa. Kila Shomari alipopiga chafya, Waziri alijishika kifua.

Mwisho Waziri akachoka, akamrudisha barazani. "Ayaseme maneno hayo hapa hapa, tuitwae sarafu, naye aende zake."

Shomari akapangusa jasho. "Nitayasema. Lakini yataingia masikioni mwa kila aliyepo, yakae kichwani mwake. Kichwa cha Waziri kitakuwa chombo. Na kichwa cha Sultani, Mungu akitunze, sijui nani atathubutu kukitia mhuri." Akafungua kinywa.

Waziri akaziba masikio. Kadhi akajivutia kilemba mpaka kidevuni. Sultani naye alikuwa ameshainua mikono kuziba masikio yake. Alipojiona hivyo mbele ya raia zake aliona haya, kisha akacheka hadi machozi.

"Mpeni dele lake anyamaze," akasema. "Na sheria iandikwe upya: anyang'anywe mwizi, na aliyepokea akijua. Aliyeuza kahawa yake kwa haki asiguswe. Naye Waziri ailipe kahawa iliyopoa."

Shomari akarudi nyumbani na dele mkononi, mhuri bado usoni. Bi Siwema akapuliza makaa, akabandika maji, kisha akamsogelea akamwuliza polepole maneno yenyewe ni yapi.

"Mke wangu," akasema Shomari, "niliyasahau hata kabla mteja hajamaliza kashata."