Maana ya Kanga ya Bi Mize

Aliye karibu na asogee, aliye mbali na atege sikio. Asubuhi moja Bi Mize, mjane, aliikuta kamba ya mbuzi wake wa maziwa imefunguliwa na mbuzi hayupo. Hakuwa na mali nyingine. Hakumwambia mtu, alijitanda kanga iliyoandikwa NIMEKUONA, NIMENYAMAZA, akazunguka nayo kijijini kutwa.

Haukupita muda, Bwana Faki, tajiri wa karafuu, akamshitaki kwa sheha, mkuu wa kijiji.

"Mwanamke huyu ananitukana, nami ni mtu wa maana! Na ahamishwe kijiji!"

"Bi Mize," sheha aliuliza, "maneno ya kanga hii yana maana gani?"

"Bwana Sheha, mie dukani niliuziwa kanga, maana sikuuziwa. Pengine Bwana Faki anayo."

"Ninayo, tena naijua sana!" Faki alifoka. "Maana yake ati aliniona nikimfungua mbuzi wake!"

Sheha akavua miwani.

"Mbuzi? Mbuzi gani, Bwana Faki?"

Faki alianza kurudi nyuma kuelekea mlangoni.

"Bi Mize," sheha alisema, "nenda zizini kwake ukachague mbuzi umpendaye."

Njiani kuelekea zizini Faki alimnong'oneza, "Bibi wee, ulijificha wapi hata ukaniona?"

"Mie sikuona kitu, baba. Nimepita na kanga hii mlango kwa mlango, na wenzako wote waliniambia imenipendeza."