Kiraka cha Tunu

Kuhamisha tundu si kushona. Mlicheka niliposema hivyo, ninyi mliochomoa balbu ya jikoni mkaiweka chumbani kwenu, mimi nikasonga ugali gizani. Sasa mnauliza maneno hayo yalitoka wapi. Kaeni, nawaambia.

Yalizaliwa Pangani, asubuhi ya mashindano ya lelemama, ngoma ya wanawake. Msichana mmoja, Tunu, alikuwa aimbe mbele kwa mara ya kwanza, na kikundi kilikuwa na sheria moja: asiye na sare hasimami mstarini. Sare ilikuwa doti ya kanga nyekundu, na madukani zilikwisha. Tunu akaitandaza kanga ya kiunoni juu ya chetezo ili inukie udi. Kaa la moto likaruka, likaacha tundu kubwa kama yai.

Akafikiri haraka. Doti ina kanga mbili zinazofanana, basi akakata kiraka kwenye ile ya mabegani, akaziba ile ya kiunoni. Kikakaa sawasawa, ua kwa ua. Akajitanda, akatoka uani akitamba.

Shangazi yake, Mwanakheri, alikuwa akipeta mchele. Alicheka hadi ungo ukamponyoka.

"Mwanangu, mbona bega linachungulia?"

"Nimeshashona, shangazi."

"Umehamisha. Kuhamisha tundu si kushona. Lete sindano."

Shangazi akachomoa uzi mweupe uliofunga gunia la unga, akautandika mistari sambamba juu ya tundu la begani, akampa Tunu aendelee.

"Juu, chini, juu, chini. Usivute, litajikunja."

"Ngoma zimeanza, shangazi."

"Nazisikia. Wewe tazama uzi."

Tunu akapitisha sindano juu, chini, bila kuvuta. Tundu likajaa. Akalizungushia ncha kama petali, likawa ua jeupe la yasmini juu ya wekundu, akalipenda mwenyewe. Kisha akatimua mbio.

Uwanjani kiongozi wao, Bi Mishi, akamzuia.

"Sare yetu haina yasmini."

"Palikuwa na tundu, Bi Mishi. Nimelishona."

Bi Mishi akalipapasa lile ua, akalivuta. Halikuachia. Ndipo akainua mkono wake wa kulia, ambao tangu asubuhi aliubana ubavuni kama mwenye jipu. Kanga yake nayo ilikuwa imetobolewa na chetezo.

"Sindano unayo?"

Wapinzani wakalalamika, ngoma zikangoja, ua la pili la yasmini likachanua kwenye kanga ya Bi Mishi. Tunu akasimama mbele, na alichoimba ni maneno ya shangazi yake. Uwanja mzima ukaitikia, na hadi leo watu wanayasema.

Haya, mmoja wenu aende dukani akanunue balbu. Ya jikoni irudi kwanza. Kuhamisha tundu si kushona.