Kila Pembe Kura Moja

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kama watu walioshiba maji. Basi wasikieni waliokosa.

Hapo zamani za kale wanyama walikuwa na mabaraza mawili. Baraza la Chini lilichaguliwa na wote, nalo lilipiga domo tu. Baraza la Juu ndilo lililogawa maji ya chemchemi ya mlimani, na hilo lilichaguliwa na wenye pembe peke yao.

Pimbi hakuwa na pembe. Hata mkia hakuwa nao. Kiangazi kikaja. Wenye pembe wakanywa, wakaoga, wakagaragara, chubwi! chubwi! Watoto wa Pimbi wakalamba mawe.

Pimbi akapanda mlima na jirani yake, Bibi Nungunungu. Wakamkuta Nyati, mkuu wa Baraza la Juu.

"Shikamoo, Mzee. Nasi tunaomba kura."

Nyati akacheua. "Tutatafakari."

Wakatafakari. Wakanywa. Wakatafakari tena. Mwishowe Nyati akanguruma: "Ubaguzi basi! Tangu leo kila mnyama atapiga kura. Kila pembe, kura moja!"

Vigelegele! Pimbi akapiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Kisha akajipapasa kichwa.

Nungunungu akauliza kwa adabu, "Mzee, pembe ni nini hasa?"

"Swali la kitoto! Pembe ni kitu kigumu, kina ncha, kimeota mwilini, kinachoma."

"Hiyo ndiyo sheria?"

"Ndiyo!"

Nungunungu akajikung'uta. Kacha-kacha-kacha! Miiba ikasimama mgongo mzima. Nyati akaacha kucheua.

Siku ya kura, akina Nungunungu walipiga kura kutwa. Baraza la Juu likawa lao lote. Pimbi akalia kwa furaha, akachukua kibuyu, mbio mlimani.

"Jirani, hongera! Sasa tubadili sheria. Kila kichwa, kura moja."

Nungunungu akajifuta maji kidevuni. "Kwani hii ina kasoro gani? Imetufikisha hapa."

"Imewafikisha ninyi."

"Ndivyo nilivyosema."

Pimbi akateremka na kibuyu kikavu. Njiani akamkuta Nyati, ulimi nje.

"Pimbi, ndugu yangu!" Hakuwa amewahi kumwita ndugu. "Sheria hii ni dhuluma! Kila kichwa kiwe na kura!"

Pimbi akacheka, akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akainuka, maana watoto walikuwa bado na kiu. Wakaupanda mlima pamoja.

Ndiyo hivyo, wanangu na wakubwa zangu: anayenufaika na sheria mbovu haoni ubovu wake, mpaka imgeukie. Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye nyingine aje akae nilipo.